Jina Jema la Binti

Iko dhambi isiyofika barazani mara nyingi, nayo ni kumvunjia msichana jina kwa dhana tu. Katika nchi ya Uingereza dhana hiyo ilipata hata kuwa sheria.

Miaka ya 1864, 1866 na 1869 Bunge la huko lilitoa sheria juu ya miji ya kambi na bandari, kama Aldershot na Portsmouth, kusudi askari na mabaharia wasipate magonjwa ya zinaa. Polisi wasiovaa sare waliweza kumshtaki mwanamke kuwa ni kahaba, hata bila shahidi aliyeona tendo. Naye alipaswa kukaguliwa mwili na daktari. Akikataa, aliweza kufungwa. Wanaume hawakukaguliwa.

Bibi Josephine Butler, mke wa kasisi, hakunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1870 yeye na wenzake walitangaza gazetini kwamba si haki kumwadhibu mwanamke na kumwacha mwanamume. Wengi walimtukana, wakisema haimpasi bibi wa heshima kunena habari hizo. Mwaka 1872, mjini Pontefract, wapinzani walitia moto majani makavu chini ya chumba walimokutanika wanawake. Lakini yeye hakurudi nyuma.

Mwaka 1875 huko Aldershot mwanamke mmoja mwimbaji alishukiwa na polisi, yeye pamoja na binti yake aliyekuwa bado kijana. Alikataa kukaguliwa, akakosa kazi, mwisho akafa maji. Bibi Butler akampokea yule binti nyumbani mwake. Basi tazameni: neno la kushuku lilimwua mama, na mlango uliofunguliwa ulimhifadhi mtoto.

Mwaka 1883 utekelezaji wa sheria ulisimamishwa, na mwaka 1886 sheria yenyewe ikafutwa.

Sheria ilikwisha, lakini dhana haikuisha. Hata leo binti huitwa mpotevu kwa sababu ya nguo yake, au kwa kuonekana njiani jioni; mvulana aliyekuwa naye hatajwi. Basi, mwalimu, uletewapo neno juu ya binti wa usharika, uliza haya kwanza:

1. Ni nani aliyeona kwa macho yake?
2. Mbona mvulana hakutajwa?
3. Ni nani aliyekwenda kumsikiliza binti mwenyewe?

Kama hapana jibu, neno hilo na likome kwako.