Mji wa Unguja

Watoto wa Bariadi wajua sana habari za ng'ombe na pamba, lakini wengi hawajaiona bahari. Basi, na twende kwa fikira hata Unguja, mji mkuu wa Zanzibar.

Mbele ya bahari lasimama Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake moja ilianguka mwaka 2020. Jirani yake ni Ngome Kongwe. Vichochoro vya mji ni vyembamba, na milango yake ya mbao ina nakshi nzuri.

Kisha wageni huenda Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Leo pana kanisa.

Je, mali ya mji huu ilitoka wapi? Nyingi ilitoka katika karafuu, zilizolimwa na watumwa, na katika pembe za ndovu. Pembe hizo wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walizichukua mabegani toka bara hata Bagamoyo, zikavushwa kwa majahazi. Basi ukifika Unguja, yatazame majumba, uwakumbuke na wachukuzi.

Maswali
1. Soko la watumwa lilifungwa mwaka gani?
2. Wazee wetu walisaidiaje kuleta mali ya Unguja?