Mama ni Mwalimu wa Kwanza: Kumfundisha Mtoto Mwenye Hali ya Down

Madhumuni

Baada ya kusoma makala hii, mwanachuo aweze: (a) kueleza kwa usahihi hali ya Down, (b) kuigawa kazi moja katika hatua ndogo, (c) kumtumia mzazi kama mshauri wake katika kufundisha.

Utangulizi

Mwanachuo anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za uwanda wa juu wa Ufipa, huchukua andalio la somo, chaki, na zana alizozitengeneza kwa mikono yake. Aghalabu hachukui swali la kumwuliza mzazi. Makala hii yahusu swali hilo moja. Nililipata kwa mama mkulima wa mahindi na maharage, katika kijiji kisicho mbali na Sumbawanga. Yeye ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Mtoto wake wa nne, mvulana, alizaliwa na hali ya Down.

Hali ya Down ni nini?

Hali hii imepewa jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilifahamika mwaka 1959, wakati Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walipotangaza ugunduzi wao. Kwa kawaida kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, zilizopangika katika jozi 23. Mtoto mwenye hali ya Down kwa kawaida huwa na 47, kwa kuwa kromosomu ya 21 zipo tatu badala ya mbili. Ndiyo maana siku yao duniani huadhimishwa tarehe 21 ya mwezi wa tatu.

Yafaa ieleweke kwamba jambo hili hutokea kabla mtoto hajazaliwa. Halitokani na laana, uchawi wala kosa la mama, na haliambukizi. Uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa mama unavyozidi, lakini akina mama vijana nao huwazaa watoto hawa.

Mwalimu akumbuke mambo matatu. Kwanza, misuli ya mtoto huwa milegevu. Kwa hiyo huchelewa kukaa, kutembea, kusema na kushika kalamu. Pili, wengi hupata matatizo ya masikio na macho, na karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Tatu, mtoto huelewa mengi kuliko anayoweza kuyatamka, na kwa kawaida hujifunza vizuri zaidi kwa kuona kuliko kwa kusikia tu.

Masimulizi ya mama

Mtoto alipozaliwa alikuwa mlegevu, akanyonya kwa shida. Majirani walianza kunong'ona, na wengine wakataja uchawi. Wenyeji hueleza kuwa jina Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi", basi mama akaniambia huku akitabasamu, "Mwalimu, kila gulio tunapeleka maharage katika mji unaotuambia tuutupe, nasi tunarudi nao nyumbani."

Hata hivyo, maneno ya majirani siyo yaliyomwumiza zaidi. Mtoto alipotimiza miaka saba, mama alimvika sare akampeleka shuleni. Mwalimu aliyewapokea alimtazama mtoto usoni, akasema, "Mama, huyu mrudishe nyumbani. Hapa hataweza kitu." Njia nzima mtoto alikuwa akiishika sare yake kwa furaha, kwa sababu alidhani wamekwisha kusoma.

"Hakuniuliza hata mwanangu anajua nini," mama alisema. "Angeniuliza, ningemwambia."

Basi nikamwuliza mimi.

Somo la kifungo

Ufipa ni nchi ya baridi, hasa mwezi wa sita na wa saba, na mtoto asiyeweza kufunga sweta huugua kifua. Mama alijaribu kumweleza mwanawe namna ya kufunga vifungo, asifaulu. Alijaribu kumwonyesha kazi yote kwa mara moja. Mtoto akalia, akalitupa sweta. Ndipo mama akaanza na mwisho. Alikipitisha kifungo hadi nusu ya tundu, kisha akamwachia mtoto akivute. Kikatoka! Mtoto akapiga makofi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeimaliza kazi.

Kwa majuma mengi mtoto alifanya hatua hiyo moja tu, kila asubuhi. Alipoimudu, mama alimwachia akisukume kifungo tunduni na kukivuta. Mwishowe akamwachia ashike kifungo, atafute tundu, asukume na kuvuta. Kazi hiyo ilichukua tangu mavuno hadi mvua za kwanza.

Mama huyu hakusoma chuo cha ualimu. Lakini aliigawa kazi katika hatua, akaanza na hatua ya mwisho ili mtoto aonje mafanikio kila siku, akarudia bila kuchoka, na akaondoa msaada wake kidogo kidogo. Hiyo ndiyo mbinu tunayowafundisha walimu wa elimu maalumu.

Matumizi darasani

1. Mwulize mzazi: "Mwanao anajua nini?" Somo lako la kwanza lianzie hapo.
2. Mkalishe mtoto mbele, akuone midomo na mikono. Ukiona hasikii au haoni vizuri, shauriana na mzazi apimwe.
3. Sema maneno machache, onyesha, kisha mpe nafasi ya kutenda. Mngoje, usimjibie.
4. Tumia vitu halisi. Mtoto huyu alijifunza kuhesabu hadi tano kwa maharage aliyokuwa akiyachambua na mama yake.
5. Mpime kwa hatua aliyoifikia yeye, siyo kwa hatua ya jirani yake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na wenzake. Kumpokea, basi, siyo hisani ya mwalimu.

Hitimisho

Mvulana yule sasa anasoma katika shule nyingine, ambako mwalimu alikubali kumsikiliza mama. Bado hajui kusoma sentensi. Anatambua jina lake, na jina la dada yake. Nilipoagana na mama aliniambia, "Siogopi kwamba hatasoma vitabu vikubwa. Naogopa siku ambayo mimi sitakuwapo. Kila kitu mnachomfundisha, mwalimu, mnaipunguza hofu hiyo."

Mazoezi

1. Chagua kazi moja ya darasani, kama vile kuandika herufi "a". Igawe katika hatua zisizopungua tano, kisha eleza utakavyoifundisha ukianzia hatua ya mwisho.
2. Jadilianeni katika vikundi: mwalimu aliyemrudisha mtoto nyumbani alikosa kujua nini?
3. Andika maswali matatu utakayomwuliza mzazi kabla ya kuandaa somo lako la kwanza.