Kuchaji betri ya baiskeli ya umeme bila kuhatarisha nyumba

Ukinunua baiskeli ya umeme hapa Matondoni, jua kwanza kwamba betri yake ni ya lithiamu: nyepesi, yenye nguvu nyingi, lakini ikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto mkali. Kijiji chetu kina mapaa ya makuti na miyaa mikavu ya kusukia mikeka, kwa hiyo betri yako inamhusu jirani pia.

Ndani mna nini? Mna seli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa. Betri ya volti 48 mara nyingi ina safu 13 za seli hizo. Seli ikijaa hufika volti 4.2, na betri nzima volti 54.6. Bodi ndogo ya ulinzi huzuia seli zisijae kupita kiasi wala kuisha kabisa.

Utumie chaja gani? Soma kibandiko cha betri, kisha cha chaja. Betri ya safu 13 inataka chaja ya volti 54.6. Ipo lithiamu ya aina nyingine, yenye safu 16, ambayo chaja yake ni ya volti 58.4; chaja hizo mbili usizibadilishe hata kama plagi zinaingiana. Chaja ya betri ya gari usiiguse kabisa.

Uchajie wapi? Barazani au uani penye kivuli, juu ya saruji, mbali na makuti, mikeka, magodoro na petroli. Usichajie kwenye njia ya kutokea, wala usiku mkiwa mmelala. Betri ikitoka juani ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza; haifai kuchajiwa joto lake likizidi nyuzi 45.

Kusawazisha ni nini? Seli hazijai zote kwa pamoja. Bodi nyingi hurekebisha hilo mwishoni mwa kuchaji: hupunguza umeme kwenye seli zilizotangulia ili zilizo nyuma zizifikie. Basi mara moja kwa mwezi, mchana ukiwa nyumbani, taa ya chaja ikigeuka kijani, iache betri saa mbili tatu zaidi. Siku nyingine, ukichomoa ikifika asilimia 80 au 90, betri itadumu zaidi.

Baiskeli ikizimika ilhali betri inaonyesha nusu, huenda safu moja imedhoofika. Usiifungue mwenyewe. Mpelekee fundi mwenye mita apime kila safu betri ikiwa imejaa; tofauti ikizidi volti 0.1, inahitaji matengenezo.

Gharama je? Betri ya volti 48 na ampea-saa 20 hubeba karibu uniti moja. Ukiongeza kinachopotea njiani, hesabu uniti 1.1. Ili kujua bei ya uniti moja, gawa pesa za tokeni kwa uniti ulizopata. Tuseme uniti imekugharimu shilingi 30, basi kuijaza betri ni kama shilingi 33.

Chumvi ya bahari hula shaba. Futa sehemu za kuchomekea kwa kitambaa kikavu, na ukivuka kwa mashua ifunike betri. Ikiingia maji ya chumvi, usiichaji tena. Iweke nje, kisha umwite fundi.

Ikivimba, ikinuka au ikifoka moshi, zima umeme ikiwa unafikia swichi bila hatari. Toa watu nje, msivute moshi huo, ita majirani na piga 999 au 112. Maji mengi yakimwagwa kwa mbali huipoza. Hata moto ukizimika, betri iache nje mbali na nyumba siku nzima, kwa kuwa huweza kuwaka tena.