Mtoto Anapokataa Chakula Kipya

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, somo letu hili linahusu jambo linaloleta vilio majumbani kila mchana. Mtoto wa miaka 3 amezoea wali mtupu na mkate kwa chai. Akiwekewa mchicha au kunde, hufunga mdomo. Mama hubembeleza, kisha hutisha, na mwishowe humbana pua ili amtie tonge kwa nguvu.

Je, huo ni utundu? Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, nyumbani kwa Bibi Maymuna (r.a.) Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, bali haikuwa ikipatikana katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikuipenda. Khalid akaivuta akaila, na Mtume akimtazama. Tazameni adabu ya chakula kile: asiyekula hakulazimishwa, wala hakuwaharibia wenziwe hamu.

Ikiwa mtu mzima huona ugeni wa chakula, seuze mtoto! Wataalamu wa lishe wanaeleza kuwa woga wa chakula kigeni huzidi kati ya miaka 2 na 6, na kwamba mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuchukia uchungu. Mara nyingi huhitaji kuonjeshwa chakula kimoja mara 8 hadi 15 ndipo akizoee. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu, tukasema, "Huyu hali mboga."

Basi mwekee kidogo tu, kiasi cha kijiko kimoja, pembeni mwa chakula anachokijua. Akigusa, akinusa, akitema, mwache, kisha rudia baada ya siku mbili tatu. Usimwambie, "Kula mchicha nikupe pipi," maana hapo umeshamfundisha kuwa mchicha ni adhabu na pipi ndiyo zawadi. Wala usimpe chai au juisi karibu na chakula. Vinashibisha bure, na chai huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga.

Kubwa zaidi ni kula pamoja. Umar bin Abi Salama (r.a.) alifundishwa kupiga Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake, naye alikuwa mtoto ambaye mkono wake ukizunguka chomboni. Alikuwa sinia moja na wakubwa! Watoto wetu siku hizi hupewa kisahani mbele ya televisheni, wataiga kwa nani?

Nanyi wanafunzi wa madarasa ya juu, mdogo wako anakutazama. Ukikunja uso kwa bamia, naye hataila. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Tahadhari: karanga nzima zisipewe watoto chini ya miaka 5, huwapalia. Na mtoto anayepungua uzito, au anayepaliwa kila akila, apelekwe kliniki upesi, kwani huyo huenda ni mgonjwa.