Sheria Na. 5 ni ipi? Kompyuta na rejea za sheria katika mikataba ya dhahabu

GEITA. Bei ya dhahabu si siri tena. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mwenye gramu tano na mwenye kilo nzima wote hupimiwa mahali pa wazi, na bei elekezi hutolewa na Tume ya Madini. Kinachobaki gizani ni karatasi: mkataba wa kugawana mawe, wa kukopeshana fedha za kuendesha duara, au wa kuingia ubia katika leseni ya uchimbaji mdogo. Karatasi hizo hujaa namba za sheria, na namba moja iliyosomwa vibaya huweza kula faida ya msimu mzima.

Somo la wiki hii linahusu namba hizo, na jinsi kompyuta inavyoweza kuzichambua na kuziunganisha na sheria au hukumu inayohusika.

Hasara huingilia wapi

Mfano ni huu. Mfadhili na mwenye duara wa Rwamgasa wanaandikiana mkataba mwaka 2016. Mwandishi wa mkataba ananakili maneno ya karatasi ya zamani: mrabaha utakuwa asilimia 4 kwa mujibu wa Sheria ya Madini, na utalipwa na mwenye duara. Kwa mwaka ule kiwango hicho kilikuwa sahihi, kwani ndicho kilichowekwa na Sheria ya Madini Na. 14 ya 2010.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria Na. 7 ya marekebisho ya sheria mbalimbali, na mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 6. Mwaka huohuo ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Wabia hao wakiuza dhahabu ya shilingi 50,000,000 mwaka 2018, makato hayawi tena shilingi 2,000,000 bali 3,500,000. Nani atabeba shilingi 1,500,000 zilizozidi? Mkataba haukusema. Hapo ndipo undugu unapogeuka kesi.

Aidha, asilimia 6 nayo haifai kunakiliwa kwa mazoea. Viwango na misamaha ya madini vimeendelea kurekebishwa. Mwaka 2019, kwa mfano, wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayetaka kujua hali ya leo hana budi kufuata mnyororo wa marekebisho mpaka mwisho wake.

Namba moja, sheria mbili

Ugumu wa kwanza ni kwamba namba za sheria hujirudia. Sheria ya Madini ya zamani ilikuwa Na. 5 ya 1998. Sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na rasilimali za asili ni Na. 5 ya 2017. Mkataba unaosema "Sheria Na. 5" bila mwaka haujasema kitu.

Mtego mwingine ni "Sura ya 123". Katika toleo la mwaka 2002 la sheria za nchi, sura hiyo ilikuwa Sheria ya Madini ya 1998. Sheria hiyo ilipofutwa, ile ya 2010 ikachukua namba ileile ya sura. Kwa hiyo mtu anayesoma "kifungu cha 87, Sura ya 123" lazima kwanza aulize: Sura ya 123 ya toleo lipi?

Majina ya wahusika nayo hubadilika. Kampuni ya African Barrick Gold, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ilibadili jina na kuwa Acacia Mining mwaka 2014. Shauri lake la kodi dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA lilifika Mahakama ya Rufani kama Rufaa ya Madai Na. 144 ya 2018, kwa jina la zamani. Anayetafuta kwa neno "Acacia" peke yake anaweza kulipita. Hata jina la Geita lina historia: mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza.

Kompyuta inafanyaje kazi hii

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1873 Mmarekani Frank Shepard alianza kuuza vipande vya karatasi vyenye gundi, ambavyo mawakili walibandika pembeni mwa hukumu katika vitabu vyao ili kuonesha hukumu za baadaye zilizoitaja. Wakili aliona mara moja kama hukumu anayoitegemea bado ina nguvu au imekwisha kupinduliwa.

Leo kazi hiyo hufanywa na programu, kwa hatua nne.

Kwanza, hukumu au sheria iliyopigwa picha hugeuzwa kuwa maandishi ambayo kompyuta inaweza kuyasoma.

Pili, programu hupekua maandishi ikitafuta mifumo inayojulikana: "Sura ya" ikifuatwa na namba, "Na. 14 ya 2010", "Tangazo la Serikali Na. 3 la 2018", au mabano ya mwaka yakifuatwa na herufi TZCA, yaani Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ni lazima itambue lugha zote mbili. Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za nyuma ni za Kiingereza.

Tatu, maandishi yote yanayohusu sheria moja hupewa anwani moja. Mpangilio unaotumika sana ni Akoma Ntoso, ulioanzia katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuimarisha mabunge ya Afrika. Jina hilo ni la Kiakan na maana yake ni mioyo iliyounganishwa. Katika mpangilio huo Sheria ya Madini ya sasa huandikwa akn/tz/act/2010/14: nchi, aina, mwaka, namba. Haiwezi kuchanganywa na ile ya 1998.

Nne, kanzidata huhifadhi uhusiano kwa pande zote mbili: hukumu hii imetaja nini, na imetajwa na nani. Upande wa pili ndio wenye thamani kwa mfanyabiashara, kwa kuwa ndio unaomwonesha yaliyotokea baada ya karatasi yake kuandikwa.

Kwa Tanzania, huduma hiyo hupatikana bure kwenye TanzLII, mtandao wa Mahakama ya Tanzania unaochapisha hukumu na sheria. Kenya ina Kenya Law, iliyo chini ya baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Mipaka yake

Hata hivyo, kompyuta haihukumu. Picha hafifu huifanya isome 1 kama herufi l, na rejea ikapotea. Hukumu ikisema "kifungu cha 87 cha sheria hiyo", programu inaweza kukosa kujua ni sheria ipi, au ikaunganisha isiyohusika. Tena, kutajwa si kukubaliwa: hukumu inaweza kutajwa mara kumi, na mara ya kumi ikawa ni ya kuikataa. Kiungo kinapokosekana, hiyo si hakikisho kwamba hakuna marekebisho. Huenda waraka haujaingizwa.

La kufanya kabla ya kutia sahihi

Mwekezaji mdogo wa Nyarugusu, Kakola au Mwakitolyo anaweza kufanya mambo manne bila gharama kubwa. Aandike kila rejea kwa ukamilifu: jina la sheria, namba, mwaka na, ikiwa ni sura, toleo lake. Afungue sheria hiyo kwenye kanzidata na kutazama orodha ya marekebisho. Asome aya yenyewe ya hukumu iliyoitaja, asiishie kwenye kichwa cha habari. Mwisho, badala ya kuandika asilimia katika mkataba, aandike "kwa kiwango cha sheria siku ya mauzo", na aseme wazi nani atabeba ongezeko likitokea.

Baada ya hapo ndipo aende kwa wakili au ofisi ya madini, akiwa na maswali mkononi. Dhahabu hupimwa kabla ya kulipiwa. Sheria iliyo ndani ya mkataba nayo ipimwe kabla ya kutiwa sahihi.