Somo: Presha Inayoshuka Mtu Akisimama



Kwa somo hili tutahitaji mashine ya presha, mkeka na saa.

Katika kikundi kimoja ninachotembelea kulikuwa na mzee aliyekuwa akinywa dawa za presha kwa miaka mingi. Kila siku ya mkutano tulimpima, na namba ya juu ilikuwa 160 ama zaidi. Halafu ikaanza kuteremka yenyewe: 140, 125, 115. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nikapiga makofi. Dawa akaendelea nazo vile vile. Miezi michache baadaye akaamka usiku kwenda choo, akaanguka mlangoni na kuvunjika nyonga.

Sasa, ishara tulikuwa nazo. Mzee alisema nyayo zinamwaka usiku na vidole vina ganzi. Tumbo linafunga wiki hii, wiki ijayo linahara. Suruali zilianza kumpwaya. Kila neno tulilipa jibu lake: uzee, baridi, minyoo. Na siku zote tulimpima akiwa ameketi.

Hospitali walichukua kinyama kidogo mwilini mwake, wakakitia rangi na kukitazama kwa darubini. Ugonjwa ukaitwa amiloidosi. Hizi ni protini za mwili wenyewe ambazo zimekunjika vibaya. Zinashikana kama nyuzi na kujazana ndani ya moyo, figo au mishipa ya fahamu. (Hapa mtu huuliza kama aache maharagwe. Hapana, hazitoki kwenye chakula, na ugonjwa huu hauambukizwi kwa kuishi pamoja.) Aina moja huanzia kwenye uboho wa mifupa. Nyingine hurithiwa katika ukoo. Hiyo ilielezwa mwaka 1952 na Daktari Corino Andrade wa Ureno, aliyeona familia za pwani ya kule zikianza kufa ganzi miguuni.

Kwa nini presha inashuka? Ukisimama, damu kama nusu lita au zaidi huteremkia tumboni na miguuni. Mwenye afya hasikii kitu, maana kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Inaiambia mishipa ya damu ijikaze, na moyo uongeze mbio. Aliyewahi kupandisha maji shambani kwa pampu ya kukanyaga anajua: mpira ukilegea, maji hayafiki juu. Amiloidosi ikiharibu mishipa hiyo, damu haifiki kichwani vizuri. Macho yanaingia giza, shingo na mabega yanauma, mtu anazirai. Moyo nao ukiwa umekakamaa, hali inazidi.

Pimeni hivi. Mtu alale dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andikeni zote na apeleke hospitali. Kwa mfano 134/80 akilala na 98/62 akisimama. Akisikia kizunguzungu katikati ya kupima, alazwe mara moja, msingoje dakika zitimie.

Wengi mtakaowapata hivyo hawatakuwa na amiloidosi, ambayo ni nadra. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa hiyo hiyo, na kuhara, kukosa maji na dawa nyingine pia huteremsha presha. Lakini mwenye presha ya juu ambayo imeshuka bila sababu, naye ana ganzi, anakonda, au ulimi umevimba, asicheleweshwe. Zipo dawa za kuzuia protini hizo zisiongezeke. Ni ghali mno, na mishipa iliyokwisha haribika hupona kwa shida, ndiyo maana mapema ni bora.

Dawa za presha mgonjwa asiache mwenyewe, wala asiendelee kunyamaza. Daktari ndiye atapunguza. Hata chumvi tusimwongezee kwa kusikia presha iko chini: moyo na figo zikiwa zimeguswa, atavimba.

Nyumbani aamke kwa hatua: aketi kitandani kidogo, achezeshe miguu, ndipo asimame akishika kitu. Usiku awekewe chombo cha kukojolea karibu, na mwanamume akojoe akiwa ameketi. Ale kidogo kidogo, maana mlo mkubwa huvuta damu tumboni. Pombe na jua kali aviepuke.

Wengine hupotewa na nguvu za kiume au mkojo kukataa kutoka. Mambo hayo hayaulizwi mbele ya mkutano. Mtu aitwe pembeni.

Ya kujadiliana: Kati yetu, ni nani mwenye presha au kisukari ambaye hajawahi kupimwa akiwa amesimama? Siku ya kupima, nani atashika mashine, na nani atakaa karibu na mgonjwa asianguke?