Somo la 12: Joto Hugeuza Kuni Kuwa Mkaa

Mchoma mkaa hufunika magogo kwa majani na udongo kabla ya kuyachoma. Kwa nini hufanya hivyo?

Jaribio
Vifaa: kopo la bati lenye kifuniko, msumari, vijiti vikavu, moto. Mwalimu awepo.
1. Toboa tundu dogo katika kifuniko.
2. Tia vijiti ndani, funika, weka kopo motoni.
3. Moshi ukikoma, epua kopo. Usilifunue mpaka lipoe.
4. Choma kijiti kingine mahali pa wazi.

Umeona nini? Vijiti vya koponi vimekuwa mkaa. Cha nje kimekuwa majivu.

Kuni zina kaboni, hidrojeni na oksijeni. Joto limefukuza maji na gesi. Sehemu kubwa iliyobaki ni kaboni. Haikuungua kwa kuwa koponi hewa ni haba. Nje, kaboni imeungana na oksijeni ya hewa, ikawa kabonidayoksaidi na kutoweka.

Hadhari: Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usilale chumbani mwenye jiko la mkaa.

Maswali
1. Kwa nini kopo halifunuliwi lingali na moto?
2. Tanuri la mkaa likipata ufa, magogo yatakuwaje?